Jina la Husna

Uvumi ulimkuta Biasha majini, gauni amelifunga kiunoni, akimsaidia mama yake kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Jirani mmoja alikuja akikanyaga maji taratibu, simu ameiinua juu isilowe, akamwuliza kwa nini amewaficha watu wa Kibuyuni jambo kubwa kama lile. Ukurasa mmoja wa habari za mpira wa Pwani ulikuwa umeandika kwamba Biasha Nassir, beki wa kati na nahodha wa Vingujini Starlets ya Msambweni, amemalizana na Mkonge Queens ya Tanga, na kilichobaki ni kupigwa picha na jezi.

Biasha alisoma mara mbili. Mtu pekee aliyemjua Tanga alikuwa mama yake mkubwa, na yule bibi hakujua hata timu moja ina wachezaji wangapi.

"Labda wamekuchanganya na mwingine," alisema Ummi, mama yake.

"Jina langu na picha yangu, mama?"

Ummi alirudi kwenye kamba yake. Lakini Biasha alimwona anatabasamu peke yake, na tabasamu lile lilimtia wasiwasi kuliko uvumi wenyewe.

Siku ya mazoezi, Kocha Harrison hakumwita mbele kuongoza kupasha misuli. Alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa shule aliyeletwa Msambweni na kazi, akaoa hapo, akabaki. Alimwomba kitambaa cha unahodha, akampa mchezaji mwingine.

"Mimi sipendi kusoma mambo ya timu yangu kwa simu," alisema.

"Kocha, wallahi sijazungumza na mtu."

"Basi mbona wanajua hata umri wako?"

Kesho yake Biasha alikwenda Ukunda kumtafuta mwenye ukurasa ule. Alikuwa kijana aitwaye Lennox, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na katikati ya kazi hiyo hujiita wakala wa wachezaji. Hakukana wala hakuona haya.

"Sista, mimi nilitupa tu ndoano. Hakuna timu inakuja kuuliza mtu hajaandikwa popote. Sasa cheki." Akamgeuzia simu. Katibu wa Mkonge Queens alikuwa amemwandikia kuuliza kama ni kweli kwamba beki yule anapatikana, maana beki wao wa kati ameumia goti.

Hivyo ndivyo uongo ulivyopata miguu. Jioni ile katibu mwenyewe, Bwana Sharif, alipiga simu. Alikuwa na sauti ya mtu mzima mpole. Alimsalimu, akaulizia hali ya mama, akamweleza kwamba timu inacheza ligi kuu, mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni, na wachezaji wanakaa vizuri. Biasha akamwuliza kuhusu kibali cha kazi, kwa kuwa alishasikia wachezaji wa Kenya waliokwama kwa ajili hiyo.

"Kibali ni jambo dogo, binti yangu. Wewe na sisi ni watu wamoja. Wewe pata kwanza barua ya kuachiliwa na timu yako, mengine tuachie sisi."

Harrison aliishika ile barua muda mrefu kabla ya kutia sahihi. "Kibali chenyewe umekiona?"

"Wanasema kitakuwa tayari nikifika."

"Wanasema," alirudia Harrison. Kisha akatia sahihi, akamtakia heri, na kabla dirisha la usajili la Kenya halijafungwa akamwandikisha msichana anayeitwa Mwinga katika nafasi yake. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Timu haiwezi kucheza na pengo katikati ya ulinzi.

Mpakani Lungalunga, Biasha aligongewa muhuri wa mgeni anayetembelea jamaa. Afisa alimkumbusha kwa heshima kwamba muhuri ule haumruhusu kufanya kazi. Akaitikia, akavuka. Tanga akafikia mtaa wa Makorora kwa mama mkubwa, dada wa mama yake aliyeolewa huko zamani, akalala chumba kimoja na binamu yake Husna, fundi cherehani aliyekaribiana naye umri na kufanana naye mno. Mtaani watu waliwauliza kama ni pacha. Hakuna aliyemwona Biasha mgeni. Mwuza samaki alidhani ametoka Moa, kaskazini mwa Tanga, kwa jinsi alivyozungumza.

Mazoezini alifanya alichokijua. Alikata mipira kabla haijafika, aliwapanga wenzake kwa sauti, na baada ya wiki chache hata mlinda mlango mzoefu alimsubiri yeye aamue. Lakini kila siku ya mechi ilipofika alivaa baibui, akaketi jukwaani na watazamaji. Akimwuliza Bwana Sharif, jibu lilikuwa moja: kibali kinafuatiliwa.

Mama yake alimtumia ujumbe wa sauti. "Majirani wananiuliza ni mechi gani utaonekana. Nimewaambia Insha Allah hivi karibuni. Hata wale waliosema mpira si wa mtoto wa kike sasa wananisalimia wao kwanza." Biasha alimwandikia tu kwamba mvua inanyesha sana.

Kisha uvumi mwingine ukatoka, safari hii kwenye kurasa za Dar es Salaam, kwamba Mkonge Queens inamleta mshambuliaji kutoka Afrika Magharibi. Siku chache baadaye msichana yule akaonekana mazoezini, mrefu, mcheshi, mwenye kasi. Biasha alimngojea Bwana Sharif kwenye geti la uwanja.

"Kanuni zinahesabu wachezaji wa kigeni," alieleza katibu, macho yake yakiwa barabarani. "Timu ina nafasi zake. Mgeni lazima apate nafasi kwanza, ndipo kibali kiombwe. Nafasi ya mwisho amechukua huyu."

"Kwa hiyo changu hakikuwahi kuombwa?"

Bwana Sharif alifuta uso kwa leso. "Tulikuwa tunapima, binti yangu. Tulikuwa hatujaamua."

Biasha aliondoka bila kuaga. Alimpigia Harrison, naye akamweleza kwa upole ambao uliuma kuliko karipio: dirisha limefungwa, jina la Mwinga liko kwenye orodha, hakuna la kufanya hadi mwakani. Kenya hakuwa na timu, Tanga hakuwa na ruhusa. Siku zile alikula kwa kulazimishwa. Alikuwa akijifungia bafuni, anafungua maji yamwagike, na mama mkubwa anamgongea mlango akiuliza kama tumbo linamsumbua.

Bwana Sharif hakuchelewa kurudi. Beki aliyeumia goti alihitaji upasuaji, na timu ilikuwa inakaribia kushuka daraja. Alikuja Makorora mwenyewe, akakaribishwa kahawa barazani, akangoja mama mkubwa aingie ndani, awaache Biasha na Husna aliyekuwa akishona.

"Huyu binti wa nyumba hii, kitambulisho cha taifa anacho?" aliuliza.

Biasha alielewa mara moja: alitakiwa acheze kwa jina la Husna. Husna pia alielewa. Aliuliza maswali mawili matatu, kisha akasema bila kusita, "Mimi jina langu halijawahi kukanyaga uwanjani. Kama litamsaidia, alichukue."

"Husna, hili si gauni la kuazimana."

"Unakonda machoni petu, Biasha. Unataka nikutazame tu?"

Biasha hakukubali siku ile. Alikubali kesho yake, baada ya ujumbe mwingine wa mama yake, ambao hakuusikiliza hadi mwisho. Bwana Sharif akashughulikia usajili wa mchezaji mpya, mzaliwa wa Tanga, aitwaye Husna. Wachezaji wenzake waliambiwa wamwite hivyo. Wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Biasha alizoea kugeuka akiitwa jina lile. Lililomtisha ni jinsi alivyozoea upesi.

Mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani, dhidi ya timu ya Dar. Alikuwa amevaa jezi, amefunga hijabu ya michezo vizuri, yuko kwenye foleni ya bomba la maji nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, aliposikia jina lake halisi.

"Biasha?"

Alikuwa Eddah. Walikuwa wamecheza pamoja Vingujini misimu minne, bega kwa bega katikati ya ulinzi, hadi Eddah alipoitwa timu ya taifa na akasajiliwa Dar. Walikumbatiana kabla ya kufikiri. Eddah alifurahi kweli, akauliza habari za Kocha Harrison na mama Ummi, akasema hakujua kwamba kibali chake kimetoka. Ndipo akaona jina lililoandikwa mgongoni mwa jezi. Furaha ikamtoka usoni.

"Husna ni nani?"

"Binti wa mama mkubwa."

Eddah alimvuta pembeni. "Unajua mimi nilingoja kibali muda gani? Nilipika na kufagia nyumba ya wachezaji kama mfanyakazi, nikiangalia wenzangu wakienda mechini. Nilikuwa nalia kama mtoto."

"Basi unanijua nilipo."

"Ninakujua. Ndiyo maana hapa bombani sijakuona." Alitazama nyuma kama kuna anayesikia. "Lakini ukiingia uwanjani, nitakuona. Wakigundua baadaye wataniuliza mimi, maana kila mtu anajua tulicheza pamoja. Nitasema nini? Na huyo Husna, wakimfuata nyumbani, atasema nini?"

Biasha aliegemea ukuta. Alitaka kumwambia Eddah kwamba ni rahisi kuongea hivyo mtu akiwa na kibali mfukoni. Alitaka kumpigia magoti. Aliona sura ya Husna juu ya cherehani, pini midomoni, akitoa jina lake kama mtu anayetoa kipande cha kitambaa kilichobaki. Yeye ndiye angeitwa kituoni. Bwana Sharif angesema alidanganywa na wasichana wawili.

"Nenda zako, Eddah," alisema hatimaye. "Timu yako inakungoja."

Alirudi chumbani akamwambia kocha wa Mkonge kwamba kifundo cha mguu kimekataa. Kocha akamtazama, akamtazama Bwana Sharif. Katibu alimfuata hadi nje, upole wote umemwisha, akamwambia kwamba akivua jezi ile asiivae tena, wala asiseme popote kwamba timu ilimjua. Biasha aliivua palepale akabaki na fulana yake ya ndani na suruali ndefu, akaikunja, akaiweka juu ya ukuta. Mkonge Queens ilifungwa mabao matano siku ile. Alisikia shangwe za watu wa Dar akiwa njiani, mbali na uwanja.

Husna alipoelezwa aliacha kushona. Alikitoa kitambulisho chake mkobani, akakifungia sandukuni, na Biasha akajua kwamba naye alikuwa akiogopa siku zote zile.

Kibuyuni alifika wakati wa adhuhuri. Ummi aliacha kuanika mwani, akamuuliza kama amepewa mapumziko. Biasha alimweleza kila kitu, na hili la jina hakulificha. Alitegemea kupakatwa. Mama yake alisema, "Ungemfungisha jela mtoto wa dada yangu."

"Sikuingia uwanjani, mama."

"Ungeingia, kama si yule rafiki yako."

Ilikuwa kweli. Siku tatu walizungumza ya lazima tu. Ya nne Ummi alimpikia mkate wa kumimina, akamkatia kipande kikubwa, na hawakulirudia jambo lile. Majirani waliouliza habari za televisheni, Ummi aliwajibu mwenyewe: hakupata ruhusa, amerudi kwao.

Ilimchukua muda kupata moyo wa kwenda Msambweni. Harrison alimsikiliza akiwa anajaza mipira upepo.

"Kucheza huwezi, unajua hilo," alisema. "Mazoezi njoo. Lakini sitakudanganya, itakuuma."

Ilimuuma. Mechi iliyofuata alikaa nyuma ya mstari, hana jezi, ameshika chupa za maji. Mwinga alikuwa na kasi lakini alikuwa hajui kusoma mchezo. Alikuwa anaufuata mpira badala ya mtu. Mara mbili mshambuliaji alimponyoka. Biasha aliuma meno. Kuna sehemu ya moyo wake iliyotaka Mwinga akosee vibaya, uwanja mzima uone. Aliijua, akaionea aibu, na haikuondoka.

Mpira mrefu ulipopigwa tena, alijikuta amesimama. "Mwinga, rudi. Mwache huyo, shika wa nyuma yako."

Mwinga alirudi, akaukata mpira kwa kichwa, akatazama pembeni kuona ni nani aliyemwelekeza. Biasha alikuwa analia, chupa mikononi, na hakujisumbua kufuta macho. Mashambulizi mengine yalikuwa yanakuja upande wa kulia.

"Sogea kulia," alimwambia. "Kulia zaidi. Hapo. Kaa hapo."