Mabega ya Mama Fadhili

Mtaa mzima wa Manika unajua kwamba Nasoro hawezi kumchora mtu dhaifu. Mpelekee picha ya mchimbaji aliyekonda, atakurudishia shujaa mwenye kifua kipana kama mlango, kidevu juu, macho yanatazama kesho njema. Ndivyo alivyofundishwa ujanani huko Leningrad, na mzee aliyechora wakati wa vita, mji umezingirwa na watu wanakufa njaa. Mwenye njaa, alisema mzee yule, hahitaji picha ya njaa.

Farida, mkewe, alizoea kumcheka. Safari hii hakucheka. Alikuwa anakwenda Lubumbashi kupasuliwa tumbo, na daktari hakumwahidi kitu. Alimwomba mumewe amchore sura yake mwenyewe tu, kwa ajili ya watoto wa mwana wao Fadhili, iwapo Mungu atapenda vingine. Sasa akaonyeshwa mwanamke aliyekunja mikono ya blauzi, mabega ya kubebea gunia la kobalti, anatazama kukipambazuka machimboni. Alijitafuta humo asijione. Alichukia, tena alichukia kweli.

"Tata Fadhili, huyu njo nani?" akauliza. "Mi niko mbele yako, na hauniangalie."

Nasoro alifuta brashi. Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema katika ndoa yao yote. Mwalimu wake alimchora mkewe katikati ya ile njaa, mashavu yamejaa, mkate mkubwa mikononi. Watu waliitazama picha wakapata nguvu. Mke akafa. Uzeeni mwalimu alilia mbele ya wanafunzi, maana sura ya kweli ya mkewe ilikuwa imemtoka, akabaki na yale mashavu ya kuchora.

"Sasa juu ya nini unanifanya vile vile?"

"Mi naogopa kukuangalia," akasema Nasoro.

Farida akaketi kwenye kiti cha plastiki, akavua kitambaa cha kichwani, akamwambia aogope huku anachora. Nasoro akachora mashavu yaliyobonyea, mvi, na mdomo uliopinda kidogo kwa kuzuia kicheko. Alichora akilia, naye Farida akamngoja, akimpenda kuliko siku ya harusi.

Ilipokauka, Nasoro akaifunga picha ile kwenye kanga, aiweke pamoja na mizigo ya safari. Farida akaifungua, akaitundika ukutani juu ya kitanda, upande anaolala mumewe.

"Hii itabaki na weye na bajukuu," akasema. "Mi nitaenda na ule mwenye mabega. Kule hospitali njo kuko vita."