Makoti Manane ya Bendi

Barua ya mahakama ilimkuta dobi akinyoosha shuka. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, maana shule yake iliishia ya msingi. Kiongozi wa bendi alikuwa anadaiwa na mwenye ukumbi, na sasa mahakama ilimuuliza yeye dobi, asiyehusika na deni hilo: Je, unashikilia mali yoyote ya mdaiwa? Ni ipi? Aliyekukabidhi ni nani? Ajibu kwa kiapo, ndani ya siku kumi na nne.

Makoti manane meupe yalikuwa yananing'inia nyuma yake tangu bendi ivunjike. Enzi za marehemu baba yake, dobi kabla yake, yalikuja kila Jumatatu, yananuka jasho na marashi, baba akayafua huku akipiga mluzi nyimbo za Jumamosi. Yeye, akiwa mtoto wa kumshikia ndoo, alimjua mpiga ngoma kwa kwapa lililochakaa kabla hajamwona sura.

Alasiri kiongozi mwenyewe akaingia.

"Mwanangu, andika hakuna kitu. Yakiuzwa hayo, bendi ndiyo imekufa kweli."

"Ni kiapo, mjomba."

"Kiapo! Baba yako alinifichia chupa za pombe humu mwaka mzima, mke wangu asijue."

"Alijua. Alikuwa anakuja kuzihesabu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Dobi akageuza kola moja baada ya nyingine. Baba hakuandika majina. Alishona uzi, kila mtu na rangi yake, na koti alilipokea kwa mwenyewe tu, aliyelinunua na kulipia kufuliwa.

"Bluu, mpiga gitaa. Njano, mpiga ngoma..." Akafika la saba, yote ya wanamuziki wengine. "Haya si yako, mjomba. Nitaandika hivyo."

"Na hilo la nane?"

"Uzi mwekundu. Lako."

Mzee akaushika uzi ule. "Moja tu, mwanangu. Nani atajua?"

"Wakinikamata na uongo kwenye moja, yale saba watayaamini vipi?"

Dobi akaandika yote manane na mwenye kila moja, mbele yake. Mzee akaomba alivae lake kidogo. Vifungo vilikataa tumboni. Akasimama hivyo hivyo, akapiga mluzi wimbo wa kufungulia, na dobi akajikuta anaitikia sehemu ya tarumbeta.

Kisha akalivua, akamkabidhi. Dobi akatia wanga kwenye mikono, akashika pasi.

"Ya nini tena? Si linaenda kuuzwa?"

"Litoke hapa limenyooka, mjomba."