Tundu la Gamba la Saba

Mnyama mwenyewe hakuzidi urefu wa mkono: mtambaazi wa kale, wa enzi ambazo mtu hajakanyaga duniani, mgongo wote magamba ya mfupa uliogeuka jiwe. Kwa miaka mitatu mjomba na mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, walimtoa mwambani chembe kwa chembe. Gamba la saba lilikuwa na tundu. Mjomba, bingwa wa karakana ile, alitangaza kwamba hapo ndipo jino la adui lilipoingia. Watu wazima na miwani yao walilitazama, wakampongeza. Asubuhi hiyo wageni wengine walikuwa njiani kuja kuliona.

Kumbe tundu lile alilitoboa mpwa. Sindano ya chuma ilimteleza, akaogopa, akanyamaza. Leo uzalendo ulimshinda, akaamua kusema kweli.

"Mjomba, lile si jino. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Sindano iliniponyoka. Nisamehe."

Kofi lilimkuta hajafunga mdomo. La pili likampasua midomo. Mtu aliyemlea tangu ana miaka minne alimkamata nywele, akambamiza uso kwenye ukingo wa meza, na mpwa akasikia pua yake ikivunjika. Akaung'ata ule mkono. Aliung'ata kwa hasira zote za miaka ya "ndiyo, Mjomba", mpaka damu isiyo yake ikamjaa kinywani.

"Utanivua nguo hadharani!" Mjomba alinyakua nyundo.

Mpwa alijitupa chini ya meza, akijua zamu ni ya fuvu lake. Nyundo ikaliangukia jiwe la mnyama pale mezani. Magamba yaliruka hadi ukutani, taa ikapasuka, na mjomba akaendelea kuponda huku akitukana, hata palipokuwa hapana tena cha kuponda.

Kitu kikabingirika hadi gotini kwa mpwa. Cheusi, urefu wa kidole, kingo kama msumeno. Kilitoka katikati ya mbavu za mnyama, upande wa tumbo, ambao hawakuwa wameusafisha bado. Jino.

Mjomba alipiga magoti, akapapasa vumbi kwa mkono unaovuja damu. "Lilikwama wapi? Ubavu gani? Utawaambia uliliona, mwanangu. Utawaambia!"

Nje, milango ya gari ilifungwa.

"Nitawaambia, Mjomba," alisema mpwa, akitema damu. "Ila nikishawaambia na la lile tundu, nani ataniamini?"