Pumzi ya Fundi Magodoro

Jirani yetu, Mama Dirisha, anaapa kwamba alasiri ile alimwona baba uani, amesimama mbele ya meza yake ya kazi, akipiga sufi kwa fimbo mbili. Amenyooka kama kijana, anasema, wala hakohoi. "Nikamwambia, fundi, hongera kwa kupona! Akacheka."

Jina la Dirisha hakulipata bure. Dirisha lake halifungwi, na macho yake pia. Lakini alasiri ile mimi nilikuwa chumbani, mgongo wa baba umeegemea kifua changu, midomo yake rangi ya majivu, kila pumzi ikitoka na filimbi. Hakuwa na nguvu ya kuvuta shuka, sembuse kushika fimbo.

Baba alishona magodoro maisha yake yote. Vumbi la sufi likamwingia kifuani, likahamia. Maradhi mengine yakafuata.

"Nimeoa wake watatu," aliwaambia waliokuja kumjulia hali. "Pafu ndiye bi mkubwa. Presha na Sukari nimeletewa uzeeni. Ukimpa huyu zawadi, yule ananuna."

Watu walicheka. Mimi niliangalia. Kila mke alikuwa na siku yake ya kliniki na daktari wake, na kila daktari alitoa dawa bila kuona za mwenzake. Baba akimeza vidonge vya kifua, kiu humshika, haja ndogo haimpi nafasi ya kulala. Na tangu apewe kidonge kipya cha presha, filimbi ilikuwa imepanda. Nilipomweleza, alisema, "Mwanangu, nyumba ya mitala haikosi kelele."

Alasiri ile, katikati ya kuhema, aliniambia, "Nipumzishe."

Nikashtuka. Mwenyewe alipenda kusema pumzi na kupumzika ni watoto wa tumbo moja: fundi huketi apumzike ili pumzi imrudie. Lakini msibani nako watu husema fulani amepumzika, na huyo pumzi haimrudii tena. Sikujua ananiomba lipi. Nikazoa dawa zote, nikazitia kwenye mfuko mmoja, nikaita teksi.

Daktari wa zamu, mwanamke wa sauti ya chini, alimvalisha kwanza barakoa ya oksijeni. Kisha akamwaga mfuko wangu mezani na kutenga kopo moja.

"Kidonge hiki cha presha kinambana kifua. Tutampa kingine. Na hivi vya kifua vinapandisha sukari. Tutavipunguza polepole, usimwachishe ghafla." Akaniangalia. "Kuanzia leo zote zije pamoja."

Nyuma ya barakoa baba akanong'ona, "Leo wake wamekutanishwa."

Tuliporudi nyumbani filimbi ilikuwa imeshuka. Nilitoka uani kuanika shuka. Turubai la meza, nililolifunga kwa mikono yangu baba alipoacha kazi, lilikuwa chini. Juu ya meza palikuwa na godoro lililojazwa nusu, limeshonwa kwa mshono wa baba, ule unaorudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Nikalifunika. Sikumwambia mtu.

Siku iliyofuata, mchana mweupe, nilikuwa nimeketi kando ya kitanda nikimpangia vidonge vyake. Uani fimbo zikaanza. Pu. Pu. Nilidhani ni jirani anakung'uta zulia, mpaka nilipomtazama baba. Fimbo zikipanda, kifua chake kinapanda. Zikishuka, anatoa pumzi. Mara zikasita.

Naye akasita.

Zikaendelea. Baba akafumbua macho, hana hofu hata chembe, kama mtu aliyesikia hatua za mwenzake wa kazi.

"Mwanangu, nenda ukafungue mlango wa uani."

"Nimwambie nini, baba?"

"Amechoka yule. Mwambie apumzike."

Nikaenda. Nikashika komeo, ubaridi wake ukanipanda mpaka kwenye kiwiko. Upande wa pili wa mbao fimbo zilikuwa zikipiga, taratibu, na nyuma yangu baba alikuwa akipumua, taratibu, akingoja nifungue.