Ngazi ya Mjomba Matano

Mimi mpaka leo sikai nikatulia. Nikipewa kiti nakalia upande mmoja, kama mtu anayengoja kuitwa. Bibi yenu husema nina siafu kwenye suruali. Siafu hao nawajua walikoniingilia. Waliniingia mwaka wa pili tangu bendera yetu ipandishwe, tulipokuwa tukitia stima kwenye hoteli moja kule Diani, mimi na mjomba wangu Matano.

Mjomba alijifunza kazi ya waya Mombasa kwa fundi mmoja wa Kihindi. Miaka saba alishika ngazi kabla ya kuruhusiwa kuipanda. Aliporudi kwetu Mwabungo alikuja na ngazi yake mwenyewe, sanduku la zana, na kikohozi. Akatuchukua vijana watano. Mimi nilikuwa nimesoma darasa mbili tu, lakini waya hauulizi darasa, wauliza kama mkono wako mkavu.

Sasa, mjomba mshahara hakuujua. Alichokijua ni juya, ule wavu wa kukokota, kwa kuwa babake alikuwa mtu wa juya. Wavuvi wakivuta juya, samaki hugawanywa mafungu: kila mvutaji na lake, na juya lenyewe fungu lake, maana juya huchanika. Na sisi ndivyo tulivyokwenda. Chumba kikiisha, mzungu mwenye hoteli akilipa, mjomba alimwaga pesa mkekani akagawa: kila mmoja wetu lake, yeye lake, na fungu la ngazi. Chumba kisipoisha, hakuna kitu. Na hakuna aliyenuna. Utainunia bahari?

Mpaka mwenzetu Kaingu alipokanyaga msumari. Mguu ulivimba ukawa kama fenesi, akalala nyumbani siku kumi na mbili. Tulipogawa, mjomba akasema kwa upole kabisa, "Asiyevuta, hali." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo juya lilivyo. Lakini Kaingu alikuwa na watoto watatu, na ule msumari haukuwa wa baharini. Mimi lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Wiki hiyo hiyo akaja Wambua. Mkamba mmoja mrefu, mtu wa chama cha wafanyakazi wa stima, alivuka feri ya Likoni na pikipiki yake, miwani imejaa vumbi. Akatuambia chama na makontrakta wa Mombasa wameandikiana mapatano. Kila fundi alipwe kwa siku, kila Jumamosi, chumba kiishe kisiishe, na anayeumia kazini alipwe mpaka apone. Makontrakta wadogo nao watie sahihi.

"Na asiyetia?" Chome akauliza. Chome alikuwa mwenzetu wa Lunga Lunga, mdomo wake haukuwa na mlango.

"Asiyetia, hakuna mtu wa chama atakuja kuunga hii nyumba na stima ya barabarani. Mtabaki na mabomba matupu ya waya kwa ukuta. Nakuja Jumamosi. Chagueni msemaji, aongee na tajiri wenu, huyo anayewalipa."

"Menza!" Chome akapaza sauti. "Menza ndiye! Mjomba hawezi kumfukuza mpwawe!"

Wakacheka, wakanyanyua mikono. Na mimi mjinga nikacheka nao. Wambua aliandika jina langu, hakuuliza kitu. Angejuaje? Kwetu Wadigo, desturi ya wazee ilikuwa mali ya mtu humwendea mtoto wa dadake. Masheikh walikuwa wakiipinga, lakini mjomba alikuwa mtu wa zamani, na mama yangu ndiye dadake wa pekee. Kila mtu Mwabungo alijua ile ngazi itakuwa ya nani. Basi hapo walikuwa wamemchagua mrithi akamgomee anayemrithi.

Nilikwenda kwa mjomba alasiri hiyo. Alikuwa akipaka mafuta koleo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Keti."

"Nitasimama."

Akanitazama. "Umekuja kama mpwa au kama karatasi ya Mkamba?"

Nikamwambia yote, na la Kaingu nikalitia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nikifa, hii ngazi ya nani?"

"Yangu."

"Basi wadai mali yako mwenyewe. Huoni haya?"

"Mjomba, Kaingu…"

"Mzungu nilimpa bei kwa mdomo wangu. Bei hiyo haitoi mishahara ya Mombasa. Niende nikamwambie nini, kwamba nilisema uongo? Mimi neno langu silirudii." Akakohoa, akainamia koleo lake.

Siku tatu zilizobaki kufika Jumamosi sikuketi wala sikulala vizuri. Chai nilianza vikombe nisivimalize. Nilikuwa nikitoka nyumbani kwenda Ukunda kwa miguu, nikifika nasahau nilichokifuata, narudi. Mama yangu alinikuta uani nazunguka kisima.

"Utamgomea ndugu yangu?" akaniuliza.

"Mama, Kaingu hana unga."

"Unga nilimpelekea jana." Akavuta kamba ya ndoo. "Lakini mimi nitampelekea mpaka lini? Nenda. Ila usimvunjie heshima mbele za watu."

Jumamosi asubuhi tukafika kazini, tukakaa juu ya mabomba, hatukushika chochote. Kaingu alikuja akiegemea gongo. Mimi ndiye niliyesema tugome, na mimi peke yangu ndiye niliyesimama.

Mjomba akatokea, ngazi begani, sanduku mkononi. Alitupita wote akasimama mbele yangu. Akaniegemezea ngazi kifuani, sanduku akaniwekea miguuni.

"Hesabuni nimekufa," akasema. "Mpwa wangu amerithi. Yeye ndiye ajuaye watu walipwe nini. Na awalipe."

Chome akasema, "Inna lillahi," na mara hii hata yeye mwenyewe hakucheka.

Hapo hapo pikipiki ikaingia. Wambua akashuka, akapangusa miwani.

"Haya. Msemaji ni Menza, namjua. Tajiri ni nani?"

Vidole vyote vikanielekea mimi.

"Msemaji?" Wambua akauliza.

"Tajiri," Kaingu akasema. "Tangu sasa hivi."

Wambua alituangalia kama watu tuliolewa mnazi mapema. Nilipomweleza, akakuna shingo. "Sasa, bwana tajiri, unatia sahihi au hutii?"

Ngazi ilikuwa bado imenilalia. Niseme kweli, nilitaka kuitupa nikimbie mpaka Msambweni. Nikitia sahihi kwa bei ile ya mjomba, Jumamosi ya pili sina cha kuwalipa. Nisipotia, nimtazame Kaingu kwa jicho gani? Kisha nikaona kitu. Lile neno alipewa mzungu na mjomba. Mimi sikumpa neno lolote.

"Twende kwa mzungu," nikamwambia Wambua. "Bei ya marehemu imekufa naye."

Nyuma yangu nikasikia mjomba akikohoa, lakini hakunizuia.

Mzungu alipiga meza. Akasema amewaahidi wageni kufungua Desemba. Wambua akamwambia bila sahihi yangu wageni watakula na mishumaa. Walivutana mpaka adhuhuri, mimi nikizunguka meza. Mwisho mzungu akaongeza bei, si yote, lakini ilitosha watu wakilipwa na fungu la ngazi likifutwa. Maana yake mwenye ngazi angekula kama fundi tu. Nikaandika jina langu pale chini, herufi moja moja.

Tuliporudi Wambua akatoa daftari. "Majina ya wafanyakazi."

"Chome. Kaingu," nikaanza, "mwandike na zile siku kumi na mbili."

"Matano," sauti ikasema nyuma.

Tukageuka. Mjomba alikuwa amekaa juu ya bomba, pale nilipoachiwa nafasi mimi.

"Si umekufa?" Chome akamwambia.

"Marehemu naye ana tumbo. Andika. Na kadi ya chama naitaka."

Wajukuu zangu, katika watu wote walionisumbua kwa mapatano yale, hakuna aliyemfikia mjomba. Alijifunza vipengele vyote kwa kusomewa. Siku ya chumba cha mwisho alikuwa juu ya ngazi anakaza skrubu ya swichi, mimi nimeshika chini, mzungu yuko mlangoni anangoja. Saa kumi na nusu, saa ya kuacha kazi kwa mapatano yale, ikagonga. Mjomba akaiacha skrubu nusu, akateremka, akanikabidhi bisibisi kwa mikono miwili kwa adabu zote.

"Saa zangu zimekwisha, tajiri," akasema. "Shikamoo."

Yeye, aniamkue mimi! Miguu ikaniwasha. Nikapanda ngazi nikaimalizia mwenyewe, na yeye akabaki chini, ameishika.