Lango Lililofunguka Kabla ya Adhana

Mwajabu binti Kibwana alikuwa ndani ya eda, na nyumba ya marehemu mumewe ilikuwa ikimsengenya.

Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri lango la mbele lilikutwa wazi, na taa yake ikiwaka. Shemeji yake Abdulswamadu, ambaye mlango wake ulitazamana na lango hilo, aliliona mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili alimwamsha jirani aje kushuhudia. Haukupita muda Nyamisati nzima, tangu wakata boriti hadi wachukuzi wa bandarini, ilikuwa na neno moja mdomoni: kizuka yule, mjane wa juzi, kuna mwanamume anamtoa ndani alfajiri.

Wazee wakakubaliana kuja kulikata neno hilo. Likithibiti, Mwajabu angerudishwa kwao Chumbi kabla eda yake haijatimia, na angeondoka na jina ambalo maji ya mto wote wa Rufiji yasingeliosha.

Asubuhi hiyo aliketi juu ya mkeka nyuma ya pazia zito la chumba cha ndani, kanga nyeupe imemfunika hadi kwenye nyusi. Hakuruhusiwa kuonekana na wanaume wasio maharimu wake, na kwa desturi ya watu wake hata sauti yake haikupasa kuwafikia. Neno lake lilipita kinywani mwa Bi Mwanawetu, somo yake aliyemfunda tangu ujana, kikongwe mwenye ulimi mkali aliyelala naye chumba kimoja tangu siku ya maziko.

"Mimi nalala naye hapa," Bi Mwanawetu aliwaambia wazee, akiwa amejibana kwenye ukingo wa pazia. "Angetoka mtu ningemsikia."

"Bibi, wewe ukilala hata kivuko kikipiga honi husikii," Abdulswamadu akamjibu. "Mkoromo wako tunausikia sisi ng'ambo ya njia."

"Alaa! Kumbe kazi yako ni kusikiliza vizee vinavyokoroma?"

Maalim Mshamu, imamu wa msikiti uliokuwa ubavuni mwa nyumba ile, akakohoa kidogo, na kicheko kilichotaka kuzuka kikazimika. "Tumekuja kwa jambo zito," alisema. "Fundi na aanze."

Nyumba ile haikuwa kama nyumba nyingine. Habibu bin Tahiri, marehemu mumewe, alikuwa mfanyabiashara wa boriti, na zilipofika zama za ruksa, vitu vya Dubai vikafurika Kariakoo, wenzake walirudi na televisheni na vitambaa vya hariri. Yeye alirudi na bamba la sola, betri kubwa, na kisanduku cha chuma kilichojaa swichi zinazojiendesha. Taa za uani zikawa zikijiwasha magharibi bila kuguswa. Lango likashikwa na sumaku ya umeme, na juu yake ikawekwa taa iwakayo lango linapofunguka, ili mwizi asipate giza la kujifichia. Kwa kuwa macho ya Habibu yalikwisha kupungua nuru, Mwajabu ndiye aliyemshikia kurunzi na kumsomea rangi za nyaya. Kisanduku kile kilitundikwa ukumbini, nyuma ya ukuta wa chumba chake, naye alizijua sauti zake kama mama avijuavyo vikohozi vya wanawe: mvumo mwembamba ni sumaku imeshika lango, mlio mkavu ni taa, na mlio mzito, tok, ni jambo la tatu.

Jambo hilo la tatu halikujulikana na mtu mwingine yeyote aliye hai.

Fundi Mudathiri alikuwa ameletwa kutoka Kibiti. Mwajabu hakumwona, alisikia viatu vyake vipya na funguo zikigongana mfukoni. Alifungua kisanduku, akapima hapa na pale, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyezoea kukosea:

"Wazee wangu, lango hili halifunguki lenyewe. Kuna kitufe ndani, karibu na mlango wa chumba. Bila mtu kukibonyeza, sumaku haiachii."

Kitufe hicho kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mkeka wa Mwajabu.

"Mmesikia," Abdulswamadu alisema taratibu. "Sikusema mimi. Kasema fundi."

Mwajabu alimvuta Bi Mwanawetu ncha ya kanga akamnong'oneza. Kikongwe akapaza sauti: "Ewe mume wangu wa Kibiti! Mwenye nyumba anauliza, umeusikiliza mvumo?"

"Mvumo upi, Bibi?"

"Wa hiyo sumaku yako. Anasema zamani ulikuwa kama nyuki, sasa ni kama mbu. Tangu lini mbu akashika lango?"

Mudathiri akacheka, lakini akasogeza sikio. Mwajabu akamsikia akiacha kucheka. Vifaa vya kupimia vikagusa chuma tena, mara hii polepole.

"Betri ina njaa," alisema hatimaye. "Haijashiba siku nyingi. Nani anayelipangusa bamba la sola?"

"Marehemu alikuwa akilipangusa mwenyewe," alijibu Maalim Mshamu. "Ndiyo maana alilisimamisha chini, pale uani."

"Pale uani ni pale penye kibanda?"

Kibanda cha makuti kilijengwa na Abdulswamadu siku ya pili ya msiba, ili waliokuja kumsomea ndugu yake wasiunguzwe na jua. Alikijenga kwa upendo, kipana, cha nguzo ndefu, na kivuli chake kililifunika bamba tangu kuchomoza kwa jua hadi kuchwa. Msiba ulipomalizika alikataa kibomolewe mpaka ipite khitma ya arobaini.

"Kivuli kinafungua milango siku hizi?" Abdulswamadu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Betri ikiwa dhaifu, mzee, kitu kikubwa kikivuta umeme, sumaku inalegea. Ngoja nikuonyeshe." Mudathiri akawasha taa zote za nyumba, akawasha na redio ya marehemu na feni ya ukumbini. Mvumo ulififia, ukakatika. Kwa uzito wake lenyewe lango likajisukuma, likalia kiii, na taa yake ikawaka mchana kweupe.

"Subhanallah!" wazee walisema kwa pamoja.

Mwajabu alifumba macho akamshukuru Mola wake. Lakini shukrani haijamalizika ulimini, Abdulswamadu alikwisha kusimama.

"Vizuri sana, fundi. Sasa nijibu mimi mjinga. Alfajiri taa za nyumba hii zimezimwa. Redio imezimwa, feni imezimwa. Ni kitu gani kinachovuta umeme saa hiyo, ila mkono wa mtu kwenye kitufe?"

Mudathiri alizima kila alichowasha, akaenda kulifunga lango, akarudi. "Upo waya mmoja mweusi sijaufahamu," alisema. "Hauendi kwenye taa yoyote. Unatoka chini ya kisanduku, unaingia ardhini."

"Basi ufuate! Leteni jembe!"

Nyuma ya pazia, Mwajabu alijua waya huo unakwenda wapi.

Waya ule mweusi ulikwenda kisimani, nyuma ya nyumba, kwenye pampu iliyofichwa chini ya kifuniko. Kutoka hapo mpira wa maji ulipita chini ya ardhi hadi kwenye bomba la zamani la mradi wa maji, bomba lililokuwa limekauka miaka mingi, na bomba hilo ndilo lililojaza birika la msikiti. Kisima cha msikiti kilikuwa cha maji ya chumvi, na watu walikuwa wakitilia udhu maji yenye kuwasha ngozi. Siku moja birika likajaa maji matamu. Mji ukashangilia kwamba mradi umefufuka. Bomba litoalo maji halina wa kuliuliza asili yake. Kila birika lilipopungua, boya la swichi lililoelea humo lilishuka, kisanduku kikalia tok, na kisima cha Habibu kikalijaza. Wa kwanza kulipunguza kila siku walikuwa wale waliotangulia msikitini kabla ya adhana ya alfajiri.

Juu ya kitanda cha maradhi Habibu alimshika mkono. "Mwajabu, sadaka hiyo ni yangu na Mola wangu. Asijue mtu. Nataka niikute huko ikiwa nzima, haijaonjwa na sifa za watu."

Naye aliahidi.

Sasa jembe lilikuwa likitafutwa. Angekaa kimya tu, wangechimba, wangekuta pampu, na jina lake lingerudi jeupe kabla ya adhuhuri. Hangekuwa amesema neno. Nafsi ilimbembeleza: wewe hukutoa siri, imetolewa na jembe. Lakini alijua kuwa mlinzi anayemtazama mwizi akivunja ghala hana tofauti na aliyemfungulia.

Alimvuta Bi Mwanawetu. "Waambie wasiuguse waya huo."

Kikongwe alimgeukia akakodoa macho. "Mwanangu, una akili weye? Watasema—"

"Waambie, somo."

Bi Mwanawetu aliyatoa maneno yale kama mtu anayetema mwiba. Abdulswamadu akapiga kofi paja lake.

"Mmesikia kwa masikio yenu! Mtu asiye na la kuficha hakatazi watu kuchimba. Maalim, unangoja nini tena?"

Wakati huo huo adhana ya adhuhuri ikapaa kutoka msikitini. Maalim Mshamu akainuka kwa tabu. "Nangoja swala," alisema. "Mtu asichimbe, asiguse chochote, mpaka nirudi."

"Mimi nitaswali hapa hapa," Abdulswamadu alisema. "Udhu ninao. Siliachi lango hili."

Wazee wengine wakamfuata imamu. Ukumbini wakabaki yeye na fundi. Mwajabu aliinamisha uso magotini. Alikuwa ameichagua aibu kwa ulimi wake mwenyewe, na sasa alikuwa akiihesabia hatua zake za kufika.

Ndipo kisanduku kilipolia. Tok.

Mvumo wa sumaku ulitetemeka, ukafa. Lango likalia kiii.

"Nani kabonyeza?" Abdulswamadu alifoka.

"Si mimi, mzee! Mikono yangu hii hapa!"

"Na huyu bibi?"

"Bibi yuko mbele ya macho yako, weye," Bi Mwanawetu akasema. "Au nina mkono wa tatu?"

Muda kidogo ukapita, kisanduku kikalia tena, mvumo ukarudi. Mudathiri akaenda kulifunga lango. Mwajabu aliinua kichwa. Watu wamemaliza udhu, alifikiri, birika limejaa, basi. Lakini hata fundi hajaketi, tok, na lango likafunguka mara ya pili. Likafungwa. Kikapita kituo kirefu, kama cha mtu anayefikiri. Tok. Likafunguka mara ya tatu.

Hapana mtu anayetia udhu namna ile. Kule msikitini yupo mtu anayefungua mabomba ya birika makusudi, akayafunga, akayafungua tena, huku jicho lake likitazama lango hili juu ya ukuta. Kuna aliyekuwa anauliza, na nyumba ilikuwa inamjibu.

Swala ilipokwisha, wazee walirudi. Mwajabu aliisikia fimbo ya Maalim Mshamu ikija taratibu hadi ukumbini, kisha sauti yake.

"Ndugu zangu, lango hili hufunguliwa na jambo. Nimelijaribu kwa mkono wangu, nimelijua. Si mtu, wala si dhambi. Ni jambo la kheri, na aliyelitenda alilificha kwa Mola wake. Mimi sitalifukua, na waya ule hautachimbwa. Natoa ushahidi mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba mwanamke huyu ametakasika na mliyoyasema. Tena alikuwa na ufunguo wa kujiokoa, akauacha ulale. Atakayelitaja jina lake kwa ubaya baada ya leo, asije kuswali nyuma yangu."

"Maalim!" Abdulswamadu alisema, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Nisijue?"

"Wewe umetia udhu wapi leo?"

"Pale msikitini, kama kila siku. Kwani udhu una nini?"

"Hauna neno," Maalim alisema. "Ni maji matamu. Mwombee aliyeyaleta."

"Mradi?"

"Mwombee tu, Abdulswamadu. Kisha kaandae panga. Kibanda hiki kimlilie ndugu yako mahali pengine."

Alikibomoa mwenyewe alasiri ile, kuti kwa kuti, bila kumruhusu mtu kumsaidia. Alipomaliza alikuja kusimama mbele ya pazia, panga mkononi. "Shemeji," alisema, "nilikuwa nikililinda jina la ndugu yangu. Nisamehe."

Mwajabu akamnong'oneza somo yake. Bi Mwanawetu akapokea kwa kuguna. "Anasema amekusamehe. Mimi bado. Kwa ule mkoromo."

Mudathiri alilipangusa bamba, kisha akauliza kupitia kwa kikongwe kama aitenge sumaku na betri kubwa, aipe betri yake ndogo peke yake, ili kisitokee kitu cha kuilegeza tena. Mwajabu akakubali. Fundi akaifanya kazi hiyo, akafunga kisanduku. Kuhusu waya mweusi hakuuliza; aliufunika udongo kidogo mahali ulipokuwa umejitokeza, akaukanyaga kwa kiatu chake kipya.

Kesho yake, adhana haijaingia, Mwajabu alikuwa macho juu ya msala. Alisikia mlango wa Abdulswamadu ukifunguliwa, na kikohozi chake kikivuka njia kuelekea msikitini. Kisha tok. Mvumo wa sumaku uliendelea, mnene kama wa nyuki, na lango likakaa mahali pake gizani. Ng'ambo ya ukuta maji yakaanza kutiririka, na sauti ya shemeji yake ikasikika ikisema bismillahi.