Sauti Moja kwa Wilaya Nzima

Kidoti alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akimsomea mama yake kitabu cha darasa la pili. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzima. Ilikuwa ya Mwalimu wa Spika.

Wilaya ilimtafuta mwalimu anayesoma vizuri kuliko wote, ikamrekodi, ikafunga spika katika madarasa yote ya kwanza na ya pili ili watoto wajue kusoma upesi. Spika husema sentensi, watoto huirudia kwa pamoja. Mwalimu wa darasa hukaa nyuma, akiomba umeme usikatike.

"Mbona unasoma huku unaangalia dirishani?" mama akauliza.

"Ndivyo tunavyosoma, mama."

Mama, aliyeishia darasa la saba, akatoa chupa mbili chini ya meza: dawa ya kikohozi ya mtoto mdogo na dawa ya kuulia kunguni.

"Haya, niambie ipi ni ipi."

Kidoti akaweka kidole kwenye ya kunguni. "Mbuzi wetu anapenda majani mabichi," akasoma, bila kukwama. Akahamia ya pili. "Majani mabichi yako bondeni."

Mama akazipandisha zote juu ya kabati, kisha akakisogeza kiti mbali. Kila alasiri yeye huwa kazini, anafua shuka za wageni, na Kidoti ndiye hubaki na mdogo wake.

Kesho yake mama akaenda shuleni. Alimkuta mkaguzi akinywa chai na mwalimu wa darasa.

"Mwanangu hajui kusoma," akasema. "Na sauti si yake. Hata akiomba maji."

"Wangu pia yuko hivyo," mwalimu akajibu. "Akiniita nasimama, nadhani ni mkuu wa shule."

Mkaguzi akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama, mtoto anatamka kama mtangazaji, bado unanung'unika?"

"Mheshimiwa, mpe neno moja tu, peke yake. Mfunikie picha."

"Hatupimi mtoto peke yake, mama. Mtihani wanausoma wote pamoja."

Matokeo yalipotoka, hakuna mtoto aliyeanguka katika wilaya nzima. Zikaletwa spika za darasa la tatu.

Alasiri moja mama alikuwa akianika shuka na wenzake, wote wakazi wa nyumba zilizo nyuma ya ukuta. Walikuwa wakitaniana kuhusu msimamizi wao na kitambi chake. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, tulivu, kila silabi imekaa mahali pake:

"Mama, njoo upesi. Mtoto haamki."

Hakuna aliyeuliza ni nani anayeita. Shuka zikaanguka kwenye tope, na wanawake wote wakatimka mbio, kila mmoja kwenda kwake.